Kaliba na umbo la risasi ya bastola: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanawahusu wenye bastola za leseni, walinzi wa makampuni na wapiga shabaha wa Dar es Salaam. Humu, "risasi" ni kitu kizima unachokitia kwenye magazini. "Kichwa" ni kile kipande kinachotoka mtutuni na kuruka. "Ganda" hubaki nyuma, ndani yake mlikuwa na baruti, na kwenye kitako chake imekaa fataki inayogongwa na pini. Namba za mwendo na nguvu ni za kawaida za kiwandani. Bastola yako inaweza kwenda juu au chini kidogo.

## Mambo ya msingi

1. Kaliba ni nini, na mbona namba nyingine zina nukta mbele?

Kaliba ni kipenyo: upana wa tundu la mtutu, au wa kichwa kinachopita humo. Bara la Ulaya wanaandika kwa milimita (9 mm, 7.65 mm), Wamarekani kwa sehemu ya inchi (.22, .38, .45). Inchi moja ni milimita 25.4, basi .45 inakuja kwenye milimita 11.4 hivi.

Hata hivyo, namba ya kaliba ni jina kabla ya kuwa kipimo. Kichwa cha .38 Special kina inchi .357, yaani milimita 9.07. Kile cha .380 ACP kina inchi .355, sawa na cha 9 mm ya kawaida. Na 7.65 Browning, ukiipima, inakupa karibu milimita 7.9. Ukiona namba mbili, kama 9x19, ya pili ni urefu wa ganda kwa milimita. Hiyo ndiyo ya kuitazama kwanza, kwa sababu iliyo katika swali la 2.

2. 9 mm si ni 9 mm tu?

Hapana, na hapa ndipo watu huharibu silaha. Kuna 9 mm tatu ambazo unaweza kukutana nazo, na haziingiliani.

Ya kwanza ni 9x19, iliyobuniwa na Georg Luger huko Ujerumani mwaka 1902. Boksi linaweza kuandikwa 9 mm Luger, 9 mm Para, 9 mm Parabellum au 9x19. Zote ni kitu kimoja. Ya pili ni 9x17, kazi ya John Browning ya mwaka 1908, ambayo ina majina mengi kuliko haja: .380 ACP, 9 mm Kurz, 9 mm Corto, 9 mm Short. Ya tatu ni 9x18 Makarov ya Kisovieti, yenye kichwa kinene zaidi, milimita 9.27.

Ukitia 9x17 kwenye bastola ya 9x19, inaingia kilegelege. Inaweza isilie kabisa. Ikilia, ganda huvimba au kupasuka, na slaidi (sehemu ya juu ya bastola inayorudi nyuma kila ikilia) haipati nguvu ya kurudi hadi mwisho. 9x18 kwenye 9x19 ni kosa la upande wa pili: kichwa ni kinene kuliko mtutu.

Kwa hiyo usipime kwa jicho. Igeuze risasi, iweke kitako juu karibu na taa, soma herufi zinazoizunguka fataki, kisha soma maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu au kwenye slaidi. Yasipolingana, risasi hiyo si yako. Risasi za kuokoteza, zilizochanganywa kwenye mfuko mmoja, zisomwe moja moja.

Onyo hilohilo kwa 7.65: ile ya Browning (.32 ACP) ina ganda lililonyooka, ya Parabellum ina ganda lenye shingo. Ni vitu viwili tofauti.

3. Greini ni kipimo gani?

Ni kipimo cha uzito cha Kiingereza kilichobaki kwenye biashara ya risasi. Gramu moja ni greini 15.4. Boksi likisema "115 gr", kichwa kina gramu 7.45. Ni uzito wa kichwa peke yake. Baruti haimo katika hesabu hiyo, ingawa wengi hudhani ndiyo inayopimwa.

4. Kaliba kubwa ndiyo yenye nguvu zaidi?

Si lazima. Tazama hizi, zote zikiwa na vichwa vya kawaida (jouli ni kipimo cha nishati):

- .22 LR, greini 40, mita 300 kwa sekunde: jouli 117
- 7.65 Browning, greini 71, mita 275: jouli 175
- 9x17, greini 95, mita 290: jouli 260
- .38 Special, greini 158, mita 235: jouli 280
- 9x19, greini 115, mita 355: jouli 470
- .45 ACP, greini 230, mita 255: jouli 485
- 7.62x25 Tokarev, greini 85, mita 430: jouli 510

Tokarev, yenye kichwa chembamba, imeipita .45. Sababu ni kwamba katika hesabu ya nishati mwendo huzidishwa kwa wenyewe, uzito hauzidishwi hivyo. Na 9x19 inaiacha mbali .38 Special ingawa vichwa vyao vinakaribiana upana na ganda la .38 ni refu zaidi: risasi ya 9x19 hufanya kazi kwa shinikizo la hadi psi (pauni kwa inchi ya mraba) 35,000, .38 Special ni 17,000. Ganda refu la .38 ni urithi wa baruti nyeusi, ambayo ilihitaji nafasi.

Nishati nayo haisemi yote. Kichwa kizito cha polepole na kichwa chepesi cha mbio, vyenye jouli zilezile, hupiga mkono kwa namna tofauti (swali la 10) na hupenya tofauti (swali la 13).

5. Kwa hiyo kaliba ipi ni bora?

Kwa mtu mwenye leseni ya kujilinda anayeweza kufika renji (uwanja wa kulenga shabaha) mara chache kwa mwaka, 9x19 ndiyo chaguo letu, na hatuoni haya kulisema moja kwa moja. Teke lake (msukumo unaorudi mkononi) linavumilika, na magazini yake hubeba nyingi.

FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ilizunguka njia yote hiyo. Baada ya mapambano ya risasi ya Miami mwaka 1986 iliweka kigezo cha kupima risasi kwenye jelatini inayoiga mwili: kichwa kipenye sentimita 30 hadi 46, kisipungue wala kisizidi. Ikahamia 10 mm, kisha .40 S&W iliyotoka mwaka 1990, na katikati ya miaka ya 2010 ikarudi 9x19. Vichwa vilikuwa vimeboreshwa, na askari wao walilenga vizuri zaidi kwa silaha yenye teke dogo. Mtu anayekuambia kwamba .45 "haihitaji kulenga" anakuuzia maneno.

Mwenye mkono dhaifu au kidonda cha kiungo anaweza kustahiki 9x17, lakini asome kwanza swali la 10, maana bastola ndogo ina hila zake.

## Umbo la kichwa

6. Herufi kwenye boksi zinamaanisha nini?

FMJ ni kichwa cha madini ya risasi (ile metali laini na nzito) kilichovikwa koti la shaba, mara nyingi chenye pua ya mviringo. Ndicho cha mazoezi, na ndicho bastola nyingi za zamani zilichotengenezewa. RN ni pua ya mviringo. LRN ni hiyohiyo bila koti. FN au TC ni pua iliyokatwa bapa. JHP ni kichwa chenye koti na tundu mbele (swali la 8). WC ni kichwa bapa kabisa, umbo la kipande cha bomba. SWC ni bapa chenye kingo kali na shingo nyembamba.

7. Mbona tundu langu kwenye karatasi ni dogo kuliko kichwa, na limechanika?

Kwa sababu pua ya mviringo haikati karatasi. Huisukuma, huitanua, inapita, halafu nyuzi za karatasi hurudi zilipokuwa. Unabaki na tundu dogo lenye kingo zilizochanika, na mwamuzi anakodoa macho.

Ndiyo maana wapiga shabaha wa mashindano hutumia WC. Uso wake bapa unakata duara safi, kama kitoboleo cha karatasi cha ofisini. Kwa kanuni za ISSF, shirikisho la kimataifa la michezo ya shabaha, tundu likigusa mstari unapewa alama ya juu, kwa hiyo ukingo safi ni pointi. Shindano la bastola kubwa la mita 25 linaruhusu kaliba kutoka milimita 7.62 hadi 9.65, na ndani ya wigo huo .32 S&W Long na .38 Special zenye WC zimetawala miaka mingi. Bastola ya upepo ya mita 10 inafuata mantiki hiyohiyo: vidonge vya milimita 4.5 vyenye uso bapa, na duara la 10 lenye milimita 11.5 tu.

WC ya .38, greini 148, inakwenda polepole, karibu mita 220 kwa sekunde, na imezama ndani ya ganda mpaka usawa wa mdomo. Kwenye rivolva haina shida. Kwenye bastola ya magazini ambayo haikutengenezewa WC, haiingii chemba (nyumba ya risasi nyuma ya mtutu) hata uibembeleze.

8. Kichwa chenye tundu hufanya nini hasa?

Kikiingia kwenye kitu chenye majimaji, shinikizo ndani ya tundu husukuma kuta zake nje, koti linapasuka kwa mistari iliyochorwa kiwandani, na kichwa kinafunguka. Cha 9x19 kinaweza kufika milimita 14 hivi, cha .45 milimita 17 na zaidi. Upana huo unafanya kazi ya breki: hakiendi mbali kama FMJ, na hatari kwa aliye nyuma hupungua.

Masharti yapo mawili. La kwanza ni mwendo: kila kichwa kimebuniwa kufunguka kuanzia kasi fulani, na mtutu mfupi unaweza kukinyima (swali la 11). La pili ni tundu lenyewe: kikipita kwenye kitambaa kizito au mbao, tundu hujaa, na kuanzia hapo kinakwenda kama FMJ tu. Gypsum ni mbaya zaidi kwa hilo, kwa unga wake.

Tamko la The Hague la mwaka 1899 linakataza risasi za kutanuka vitani kati ya mataifa yaliyolikubali. Halizungumzii polisi wala raia. Kwa raia hapa nchini, linalokuhusu ni leseni yako: uliza ofisi iliyoitoa kabla ya kununua, si baada ya kununua.

9. Risasi zangu zinakwama zikiingia chemba. Tatizo ni bastola au umbo?

Fanya jaribio moja kabla ya kumwita fundi. Chukua magazini ileile, tia FMJ za pua ya mviringo, piga 20. Zikipita zote, kisha JHP au FN zikakwama, basi ni umbo. Pua pana inagota kwenye kiteremko kilicho chini ya mdomo wa chemba badala ya kupanda. Bastola za kizazi cha zamani, zikiwemo Tokarev za Kichina, zilichongewa pua ya mviringo, na hazina deni la kula kitu kingine.

FMJ nazo zikikwama, angalia kwa mpangilio huu: midomo ya magazini iliyopinda, springi ya magazini iliyochoka, masizi kwenye kiteremko, halafu mkono wa mpigaji. Kiganja kilicholegea kinaruhusu bastola nzima irudi nyuma, slaidi inakosa kitu cha kuegemea, na haimalizi safari yake. Tatizo la mwisho ndilo tunaloliona zaidi, na ndilo ambalo hakuna anayelikubali.

Usimruhusu mtu akusugulie kiteremko kwa msasa. Kikizidi kuliwa, kitako cha ganda kinakosa msaada, na siku moja ganda hupasukia hapo.

Risasi ya kujilinda usiihesabu kuwa imefaa mpaka umepiga walau 50 za aina hiyohiyo, katika bastola hiyohiyo, bila kukwama. Ni gharama, lakini hakuna njia ya mkato.

## Mkononi na kwenye shabaha

10. Mbona bastola yangu ndogo ya 9x17 inaniumiza kuliko 9x19 ya rafiki yangu?

Zidisha uzito wa kichwa (kilo) kwa mwendo wake (mita kwa sekunde), unapata msukumo unaorudi mkononi. 9x17 inatoa 1.8, .38 Special 2.4, 9x19 karibu 2.6, .45 ACP 3.8. Kwa hesabu hiyo 9x17 ni laini. Lakini msukumo huo unagawanywa kwa uzito wa bastola, na bastola ya gramu 350 hairudi sawa na ya gramu 850.

Kuna na mtambo. Bastola nyingi za 9x17 na za Makarov hazina kufuli kati ya mtutu na slaidi. Slaidi inazuiwa na uzito wake na springi ngumu tu. Inarudi ghafla, kwa kishindo. 9x19 nyingi zina mtutu unaofungana na slaidi na kurudi nao hatua fupi, na teke husambaa. Kwa hiyo mama mwenye mkono mdogo anayeshauriwa "chukua kadogo" mara nyingi anashauriwa vibaya.

11. Mtutu mfupi unapunguza nini?

Kasi. Kila sentimita 2.5 ya mtutu inayoondoka huondoka na mita 8 hadi 15 kwa sekunde, kwa kadiri ya baruti iliyotumika. Kwa FMJ kwenye karatasi hutaona tofauti. Kwa JHP unaweza kuwa umeshuka chini ya kasi yake ya kufunguka. Mwenye bastola ya mtutu wa sentimita 7.5 atafute risasi iliyotengenezewa mitutu mifupi, boksi husema. Mwako mkubwa mdomoni usiku ni dalili kwamba baruti inamalizia kuungua nje.

12. Nilibadilisha kutoka greini 115 kwenda 147, sasa napiga juu. Kichwa kizito si kingeshuka?

Kinashuka zaidi, lakini kwa umbali wa bastola hilo ni dogo. Kwa mita 25, 9x19 huanguka sentimita 2 hadi 3, .45 karibu 5, WC ya .38 sentimita 6 na ushei. Kinachokupandisha ni muda: kichwa kizito kinachelewa kutoka, na wakati huo mdomo wa bastola umeshaanza kunyanyuka. Kwenye rivolva zenye alama za kulengea zisizorekebishika jambo hili ni wazi sana: greini 110 hupiga chini, 158 hupiga zilipolengwa alama.

Tofauti nyingine ya 147 ni sauti. Kwa joto la Dar la nyuzi 30 sauti husafiri karibu mita 349 kwa sekunde. Greini 115 hupita hapo, na kichwa chenyewe hupasua hewa. 147, kwenye mita 300, hakina mpasuko huo. Bado ni kelele inayozidi desibeli 150 mdomoni. Vizibo vya masikio ni lazima kwa zote, .22 ikiwemo.

## Kilicho nyuma ya shabaha

13. Risasi ya bastola inapenya ukuta wa nyumba?

Inategemea ukuta. Bati, plaiwudi, mlango mwepesi, dari na kizigeu cha gypsum: inapita, kaliba yoyote kuanzia .22. Chumba cha watoto kilicho nyuma ya gypsum hakina ukuta kwa maana ya risasi. Tofali la sementi la inchi 6 lililojaa kwa kawaida huizuia risasi moja ya bastola. La tundu, au lililofyatuliwa kwa mchanga mwingi na sementi ya kuhurumia, usilitegemee.

Kwa umbo: FMJ hupenya zaidi kuliko JHP iliyofunguka. Kwa kaliba: Tokarev, kwa wembamba na mbio zake, ndiyo ya kuogopwa zaidi katika nyumba zilizobanana. Mlinzi wa Kariakoo au Manzese afikirie kwanza kilicho nyuma, kwa sababu daima kuna mtu nyuma.

14. Nikipiga hewani kuonya, kuna ubaya gani?

Kichwa kitarudi chini. Kikipigwa kwa mshazari, 9x19 inaweza kufika zaidi ya kilomita 1.5, na kinaposhuka bado kina nguvu ya kutoboa bati na kuvunja fuvu. Katika jiji hili hakuna hewa isiyo na paa chini yake.

15. Kwenye renji ya chuma, umbo lina maana?

Lina maana. Kichwa laini kikigonga bamba gumu lililo tambarare husambaa vipande vidogo kandokando. Bamba lenye mashimo au lililopinda hurudisha vipande kwako. Kanuni za IPSC, shirikisho la mashindano ya bastola ya vitendo, zinataka umbali usiopungua mita 7. Tunashauri 10, na miwani kwa kila aliyepo, si mpigaji tu. Bamba likianza kuota mashimo, liondoe siku hiyohiyo.

Kwenye zege, kichwa kilichogonga kwa mshazari hakirudi kwa pembe ileile kama mpira. Hukimbia karibu na uso wa ukuta. Asimame mtu mbali na ukuta, asiegemee.

## Joto, chumvi na unyevu

16. Nihifadhi vipi risasi Dar?

Kwenye kopo la chuma lenye mpira wa kuziba, ndani ya nyumba, na pakiti mbili tatu za silika, pamoja na kufuli ambalo leseni inalidai. Andika tarehe kwenye boksi, tumia za zamani kwanza.

Gari lililoegeshwa juani hupita nyuzi 60 ndani; baruti ikikaa kwenye joto hilo siku baada ya siku huharibika. Kwa walio karibu na bahari, Msasani au Kigamboni, chumvi huanza na chuma cha bastola, kisha ganda. Na AC ina hila: ukitoa kopo kwenye chumba cha baridi ukalifungua nje, chuma kinatoka jasho papo hapo. Liache lifikie joto la nje kwanza, ndipo ulifungue.

Usipake risasi mafuta. Mafuta mepesi hupenya pembeni mwa fataki na kuiua taratibu, na utajua siku unayoihitaji.

17. Maganda yameota ukijani. Bado ni mazima?

Tatizo hili ni la mikanda ya ngozi yenye vishikio vya risasi za .38, dawa ya kutengenezea ngozi hula shaba. Futa kwa kitambaa kikavu. Ukijani ukitoka na ganda likabaki laini, tumia kwenye mazoezi. Ukiona vishimo, ufa, au fataki yenye kutu, itenge na uipeleke polisi. Isitupwe jalalani, kwa sababu jalala la Dar lina watoto.

18. Risasi ya juu kwenye magazini inaonekana fupi kuliko wenzake. Kwa nini?

Kwa sababu unaitia chemba na kuitoa kila jioni. Kila mara pua inagonga kiteremko, na kichwa kinazama ndani ya ganda kidogo kidogo. Nafasi ya baruti ikipungua, shinikizo hupanda, na kwa .40 S&W hupanda haraka sana.

Simamisha risasi hiyo juu ya kioo au meza tambarare, weka pembeni yake mpya ya boksi lilelile, shusha macho usawa wa pua zao. Ukiona tofauti kwa macho tu, itenge. Urefu wa juu kabisa wa 9x19 ni milimita 29.69, lakini kila kiwanda kina urefu wake chini ya hapo, ndiyo maana tunalinganisha na mwenzake wa boksi. Badilisha zamu: ya juu leo iende chini kesho.

19. Nimevuta triga, haikulia. Au imelia "puh".

Ni mambo mawili tofauti. Isipolia kabisa, elekeza mdomo kwenye shabaha, subiri sekunde 30, kisha itoe. Fataki inaweza kuwa inachelewa.

Ikilia kwa sauti hafifu, bila teke la kawaida, simama hapohapo. Kichwa huenda kimekwama ndani ya mtutu, na risasi inayofuata itapasua mtutu. Ondoa magazini, toa iliyo chemba, fungua silaha, angalia mtutu kutokea nyuma. Usipoona mwanga upande wa pili, mpelekee fundi mwenye kibali. Usisukume kwa waya wa antena. Kichwa kinazidi kujibana na mtutu unachubuka.

## Mambo ya pembeni

20. .38 Special inaingia kwenye .357 Magnum. Na kinyume chake?

.38 kwenye rivolva ya .357: ndiyo, ni salama. Ganda la .357 lilirefushwa kwa karibu milimita 3 makusudi ili lisiingie kwenye rivolva za .38, ambazo hazina ubavu wa kulihimili. Ukipiga .38 nyingi kwenye .357, safisha chemba: pete ya masizi inayojengeka mbele ya ganda fupi itazuia ganda refu.

21. "+P" ni nini?

Ni risasi ya kaliba ileile iliyoongezwa shinikizo. Kwa 9x19 ni karibu asilimia 10, kutoka psi 35,000 hadi 38,500. Tumia pale tu mtengenezaji wa bastola alipoandika inaruhusiwa. Rivolva ya .38 ya zamani yenye fremu nyepesi, usijaribu.

22. Vichwa vya madini ya risasi bila koti vinaharibu mtutu?

Mtutu wenye michirizi ya kawaida (ile inayokizungusha kichwa) hauharibiki, unachafuka tu. Bastola nyingi za Glock za vizazi vya awali zina mtutu wenye pembe za mviringo badala ya michirizi mikali, na mtengenezaji anakataza vichwa visivyo na koti humo: madini huganda, njia inapungua, shinikizo linapanda. Na kwa aina yoyote, nawa mikono kwa sabuni na maji baridi kabla ya kula chochote ukitoka renji.

23. Matundu yangu ni marefu kama tundu la ufunguo. Bastola imekwisha?

Kichwa kinafika kikiwa ubavu, yaani hakikushikwa na michirizi kikazunguka inavyotakiwa. Kwanza hakikisha kaliba (swali la 2): kichwa cha milimita 9.02 kwenye mtutu uliotengenezewa 9.27 hufanya hivyohivyo. Pili, safisha madini yaliyoganda. Yote mawili yakiwa sawa, mtutu umelika.

24. Nikihama kutoka Dar kwenda Mbeya, nirekebishe alama za kulengea?

Hewa ya mita 1,700 juu ya bahari ni nyepesi, lakini kwa mita 25 tofauti haipimiki kwa mkono wa binadamu.

25. "Power factor" ya mashindano inahesabiwaje?

Ni kipimo cha nguvu ya risasi mashindanoni: greini mara mwendo kwa futi kwa sekunde, gawanya kwa 1,000. IPSC inadai walau 125 kwa daraja dogo. Greini 115 inahitaji futi 1,087. 124 inahitaji 1,009. 147 inafika kwa 851 tu, ndiyo maana wengi huichagua: kizito, polepole, teke la kusukuma badala ya kupiga. Ukipimwa ukapata 124.9, hujapita. Acha nafasi ya pointi 4 au 5, maana mtutu wako na siku yenyewe vina tabia zao.

26. Naweza kubadilisha mtutu niweke kaliba nyingine?

Kiufundi baadhi ya bastola za .40 hukubali mtutu wa 9x19. Kisheria, umiliki wa silaha na risasi uko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na silaha yako imesajiliwa kwa kaliba yake. Anza na ofisi iliyokupa leseni, uwe na jibu la maandishi, ndipo umguse fundi. Na baada ya mabadiliko, risasi za .40 zilizobaki zitoke nyumbani, usije ukachanganya kaliba: ukirudisha mtutu wa .40, 9x19 iliyoingia humo kimakosa hulia, na ganda lake hupasuka.